Kuanza sanaa ya mapigano ukiwa kijana: ugumu wake, hatari zake, na namna ya kujifunza bila kuvunjika

Vijana wanaotaka kuanza huniuliza swali moja kuliko yote: ni mchezo gani hauumizi? Karate au judo? Taekwondo au ndondi? Mimi nilianza karate nikiwa na miaka 14, nikahamia judo miaka michache baadaye, na leo nasaidia kufundisha darasa la wanaoanza. Kila mara nawajibu vilevile: jina la mchezo litakuambia utaumia wapi, lakini anayekufundisha ndiye atakayeamua utaumia kiasi gani.

Chukua judo. Jigoro Kano aliianzisha Tokyo mwaka 1882, akaziweka kando katika mapambano ya mazoezi zile mbinu za jujutsu, mapigano ya zamani ya Kijapani, zilizokuwa zikivunja watu viungo, ili wanafunzi wabwagane kwa nguvu zote na kesho yake warudi wazima. Hata hivyo, katika shule za Japani, kati ya mwaka 1983 na 2011, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kwa ajali za judo. Wengi waliumia kichwa. Wengi walikuwa wageni kabisa kwenye mchezo, na mbinu iliyotajwa mara nyingi ni osotogari: mwenzako anakukata mguu kwa nyuma, unaanguka chali, na kama hujui kuinua kichwa, kisogo ndicho kinachopokea sakafu. Ufaransa, ambayo kufikia miaka ya 2000 ilikuwa na wanajudo waliosajiliwa zaidi ya 500,000, sehemu kubwa wakiwa watoto, haikuwa na orodha ya vifo kama hiyo. Kule, anayelipwa kufundisha lazima awe na cheti kinachotambuliwa na serikali. Mchezo ni uleule, mbinu ni zilezile. Kilichotofautiana ni jinsi mgeni anavyopokelewa mkekani.

Nayataja haya mapema kwa sababu mwongozo wote unaofuata umejengwa juu yake.

Hatua ya 1: Jua kila mchezo unaumiza wapi

Kuna michezo ya kupiga na michezo ya kukamatana. Ya kupiga ni kama karate, taekwondo, ndondi na muay thai, yaani ndondi ya Kithai. Ya kukamatana ni judo, mieleka na jujutsu ya Kibrazili.

Karate ilitoka Okinawa, na Gichin Funakoshi akaionyesha Tokyo mwaka 1922. Leo neno hilo moja linabeba mambo mengi. Katika mashindano mengi ya mitindo kama shotokan, goju-ryu au wado-ryu, ngumi inatakiwa idhibitiwe inapofika usoni. Katika kyokushin, mtindo wa Masutatsu Oyama, ngumi za mwilini zinatua kwa nguvu zote. Za usoni zimekatazwa, lakini teke la kichwani linaruhusiwa. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa tunafundisha karate", uliza ni karate ipi. Majeraha ya kawaida ya karate ya kudhibiti ni vidole, pua, midomo na michubuko ya miguu.

Taekwondo imejaa mateke, na kwenye mashindano teke la kichwani lina pointi nyingi kuliko la mwilini. Hilo linakuambia wapinzani watalenga wapi. Mazoezini, kinachoumia zaidi ni unyayo, vidole vya miguu na kifundo cha mguu, hasa mateke mawili yanapogongana katikati.

Judo huumiza bega, mtulinga, vidole na magoti. Jujutsu ya Kibrazili ina kubwagana kidogo na kukabana kwingi chini, hivyo huko tazamia viwiko, magoti, shingo na masikio. Mieleka iko karibu na hayo yote mawili.

Ndondi naiongelea peke yake. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa msimamo wa pamoja wa kupinga ndondi kwa watoto na vijana, kwa sababu kichwa ndicho shabaha yenyewe. Nakubaliana nao kuhusu kupigana. Lakini kuruka kamba, kupiga mfuko, kupiga pedi na kujifunza miguu ya bondia ni mazoezi mazuri mno, na kijana anaweza kuyafanya miaka kadhaa bila kupigwa ngumi hata moja ya kichwa. Ukipata kocha anayekubali hivyo, nenda.

Ukinibana nichague kwa ajili ya mtu wa miaka 12 hadi 16 ambaye hajawahi kufanya chochote, nitasema judo yenye mwalimu makini, kwa sababu utajifunza kuanguka. Ustadi huo utakulinda hata siku utakapoteleza kwenye ngazi ukiwa mzee.

Hatua ya 2: Kagua ukumbi kabla hujavua viatu

Nenda ukaangalie darasa zima, kuanzia kupasha mwili moto hadi salamu ya mwisho. Usiwatazame mabingwa; watazame wageni. Wanafanya nini? Kuna mtu anayewaangalia, au wamesukumwa kona wajitafutie? Wakipambana, nani kapangwa na nani?

Mimi ukumbi wangu wa kwanza niliuchagua kwa vikombe vilivyopangwa kwenye rafu. Jioni yangu ya pili nikawekwa kupambana na kaka mmoja wa mkanda wa kahawia, aliyenizidi kama kilo 20. Ngumi ya tatu ilinitoa damu puani. Mwalimu akaniambia nitazoea. Nilikaa pale miezi miwili nikiamini maumivu ndiyo ada ya kuingilia, na katika miezi hiyo sikujifunza hata kusimama vizuri, maana mtu anayeogopa hufunga macho na kukaza mabega. Sitaki upite njia hiyo.

Dalili nzuri ni hizi: mwalimu anajua majina ya wanafunzi, anasimamisha pambano linapochemka, anawauliza wageni kama wana ugonjwa au jeraha, na wanafunzi wake wakubwa wanalegeza nguvu wanapokutana na mdogo bila kuambiwa. Mkeka haujaachana kiasi cha kidole kuingia kati ya vipande. Ukutani au kwenye nguzo karibu na mkeka kuna kitu laini. Kuna sanduku la huduma ya kwanza, na mtu anayejua kulitumia.

Dalili mbaya: kupambana wiki ya kwanza, adhabu za kupigwa, kuchekwa kwa anayesalimu amri, mkataba wa miezi mingi unaotaka sahihi siku hiyohiyo. Na moja kubwa kuliko zote: mzazi anakatazwa kutazama, au mwalimu anapenda kubaki peke yake na mwanafunzi mmoja mlango ukiwa umefungwa. Hapo ondoka, na umwambie mtu mzima unayemwamini kwa nini umeondoka. Heshima kwa sensei, yaani mwalimu, haimpi ruhusa ya kukugusa au kukutisha nje ya mafunzo.

Hatua ya 3: Jua mwili wako ulipofikia

Mwili wa kijana si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Karibu na ncha za mifupa yako kuna tabaka la gegedu ambako mfupa unaongezeka urefu. Kwa wasichana wengi tabaka hilo hufunga kati ya miaka 13 na 15, kwa wavulana kati ya 15 na 17. Kabla halijafunga, ni dhaifu kuliko kano zilizo jirani nalo. Ndiyo maana mkunjo ambao kwa mtu mzima ungekuwa kuteguka tu, kwako unaweza kuwa mfupa uliopasuka mahali panapokua. Kiungo kikivimba na huwezi kukikanyagia au kukitumia, usikubali kukandwa wala kuvutwa. Kipigwe picha hospitalini.

Vilevile, wakati unarefuka haraka, misuli inachelewa kuifuata mifupa. Maumivu chini tu ya goti, pale penye kinundu, au nyuma ya kisigino, ni ya kawaida kwa vijana wanaoruka na kupiga mateke sana. Dawa yake kubwa ni kupunguza. Mwambie mwalimu, acha mateke ya kuruka kwa wiki kadhaa, ufanye yale yasiyouma.

Kama una pumu, kifafa, tatizo la moyo, au uliwahi kuzimia au kuumia kichwa, muone daktari kwanza, kisha mwalimu ajue kabla ya siku ya kwanza.

Vifaa nisikuchoshe navyo. Wiki za mwanzo fulana imara na suruali isiyobana vinatosha. Usinunue gi, ile sare ya mazoezi yenye mkanda, mpaka uwe na uhakika utabaki. Kinga ya meno nunua mapema, ile ya kulainisha kwa maji ya moto na kuing'ata ikae sawa. Kata kucha za mikono na miguu. Vua pete, hereni, mkufu na saa, kwa sababu pete iliyonasa kwenye ukosi wa gi inaweza kuondoka na kidole.

Hatua ya 4: Jifunze kuanguka, na usiwe na haraka

Hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu kuliko popote. Hata kama umechagua karate, omba ufundishwe.

Anza umelala chali. Vuta kidevu kifuani mpaka uone fundo la mkanda wako, na usiliache kwa macho. Ukiliona fundo, kisogo hakiwezi kugusa chini. Kunja mikono kifuani, kisha iachie ipige mkeka pande zote mbili kwa pamoja, viganja chini, mikono ikiwa imeachana na mwili kama nusu ya pembe mraba. Ikipanda hadi usawa wa mabega, pigo linaingia begani. Ikibana mbavu, unaangukia kiwiko chako mwenyewe. Mkono upige na kurudi, kama unavyopiga kofi juu ya meza. Toa pumzi unapopiga.

Ukishazoea, chuchumaa. Makalio yakaribie visigino, kisha jiviringishe nyuma: makalio, mgongo, mabega, na mikono ikapiga kabla mabega hayajafika. Kichwa hakigusi. Fanya mara 20 kila siku ya mazoezi. Baada ya hapo kuanguka kwa upande, kulia na kushoto; halafu kujibiringisha mbele kupitia begani, kuanzia kidole kidogo, ukapanda mkono, bega, na kushukia nyonga ya upande wa pili kwa mshazari. Ukisimama na ukahisi uti wa mgongo wote umegonga sakafu, ulienda wima. Rudi ukafanye kwa goti moja chini.

Kosa linalovunja wageni wengi ni mkono ulionyooshwa. Mtu anaanguka, anaogopa, anatanguliza kiganja ili ajizuie. Uzito wote unapanda kifundo cha mkono, kiwiko, mpaka mtulinga. Silika hiyo haiondoki kwa kuelezwa. Inaondoka kwa kuanguka mara mamia ukiwa chini, bila hofu, mpaka mwili usahau njia ya zamani.

Nina mwanafunzi mmoja aliyeingia akiwa na miaka 13, mwoga, mabega juu. Majuma sita alifanya kuanguka tu na kushikana kidogo. Wenziwe waliokuwa na haraka walimpita. Siku alipobwagwa kwa mara ya kwanza kwa kasi kamili, ulisikika mkono wake tu ukipiga mkeka, pa! Akainuka akakamata tena ukosi wa mwenzake, na hakuwa hata amegundua kwamba ameangushwa.

Mwanzoni kataa kubwagwa na mtu ambaye hakushikilii. Mbwagaji mzuri hauachii mkono wako wa gi. Anauvuta juu kidogo unapofika chini ili kichwa chako kisigonge. Na osotogari isubiri. Miezi mitatu si mingi.

Hatua ya 5: Miezi mitatu ya kwanza

Ugumu hauko pale wengi wanapoutazamia. Pumzi zitakuishia dakika ya tatu, ndiyo, lakini pumzi zinarudi ndani ya wiki chache. Kigumu zaidi ni kuwa mbovu mbele ya watu. Utaambiwa mguu wa kushoto, utatoa wa kulia. Mtoto wa miaka 10 atafanya kata, mfululizo wa mbinu uliopangwa, bila kukosea na wewe utageukia ukuta. Karibu kila mtu aliye kwenye ukumbi amepita hapo, na wengi walioacha waliacha wiki ya tatu au ya nne, kabla mwili haujaanza kuelewa.

Njoo mara mbili kwa wiki, na uache siku katikati. Mara tano za wiki ya kwanza ndizo zinazowapeleka wengi kitandani wiki ya pili. Baada ya miezi miwili, kama unalala vizuri na hakuna kiungo kinacholalamika, ongeza siku ya tatu.

Jifunze kutofautisha maumivu. Misuli kuuma pande zote mbili, siku moja hadi tatu baada ya mazoezi, ikipungua ukianza kutembea, hiyo ni kazi. Maumivu ya mahali pamoja, ndani ya kiungo, yanayochoma na kuzidi kadiri unavyoendelea, hilo ni jeraha linaanza. La kwanza fanya nalo mazoezi kwa upole. La pili simama.

Ukiwa kwenye mchezo wa kupiga, ngumi yako ikaguliwe kabla hujagusa mfuko. Kunja vidole vinne ncha zizame kiganjani, gumba lilale nje juu ya kidole cha shahada na cha kati. Gumba likijificha ndani litavunjika lenyewe. Pigo litue kwa vifundo viwili vya kwanza, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka na kigasha. Anayepiga kwa upande wa kidole kidogo huvunja mfupa mwembamba ulio chini yake, jeraha ambalo madaktari wanaliona sana. Funga bandeji ndefu. Ile ya mita 4.5 inatosha kuzunguka kifundo, kiganja na katikati ya vidole.

Hatua ya 6: Kupambana na mwenzako

Kabla ya kuanza, mwambie kasi unayoitaka. "Kaka, twende polepole, bado mgeni." Sentensi hiyo haina aibu. Akizidisha, simama, inamisha kichwa kumshukuru, ondoka. Una haki ya kukataa pambano lolote, na mwalimu anayekunyima haki hiyo amekurudisha hatua ya pili.

Kwenye kukamatana, salimu amri mapema: piga mkeka au mwili wa mwenzako mara mbili wazi, au sema kwa sauti kama mikono imefungwa. Nilikuwa na miaka 16 nilipoamua kwamba sitampigia mkeka mtu aliyeanza baada yangu. Alinyoosha mkono wangu taratibu, akaniangalia, akasubiri. Sikupiga. Kiwiko kikalia ka! Nikakaa wiki saba siwezi kujifunga kamba za viatu. Kijana yule alilia kuliko mimi, na kosa lilikuwa langu.

Kabali ya shingoni ikikaa sawasawa inaweza kumzimisha mtu ndani ya sekunde 10 hivi. Wageni na watoto wasiifanye bila mwalimu pembeni, na kamwe isiwe mchezo wa shuleni au nyumbani. Mbinu ya kunyonga kisigino, inayopindisha goti, shirikisho kubwa la jujutsu ya Kibrazili limewakataza wote walio chini ya miaka 18. Goti lile haliumi mpaka limeshachanika, kwa hiyo hupati onyo. Mtu akikushika hivyo, piga mkeka papo hapo kisha mwambie asiifanye.

Hatua ya 7: Kichwa kina sheria zake

Mtikisiko wa ubongo hauhitaji kuzimia. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kukera, kuuliza swali lilelile mara mbili, kutokukumbuka raundi iliyopita: mojawapo ya hayo baada ya pigo au anguko, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Kofia ya kinga huzuia michubuko na mipasuko; haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, kwa hiyo usiivae ukadhani sasa unaweza kupigwa zaidi.

Kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi mzito usio wa kawaida, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, au shingo kuuma katikati ya mfupa: hospitali sasa hivi, na kama ni shingo, mtu asimwinue majeruhi mpaka wanaojua wafike.

Baada ya mtikisiko pumzika saa 24 hadi 48, matembezi mepesi na shughuli ndogo za nyumbani ukivumilia. Kisha panda ngazi: masomo kwanza, mbio nyepesi, mbinu peke yako, mbinu na mwenzako bila kugongana, daktari akuruhusu, ndipo kupambana, na mwisho kabisa mashindano. Kila ngazi angalau saa 24, na dalili zikirudi unashuka moja. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuua kijana mzima kabisa, na ndiyo sababu sioni mashindano yoyote ambayo kwa ajili yake inafaa kuharakisha kurudi.

Mengine madogo, na uzito

Vidole vikiteguka, vifunge pamoja na jirani kwa plasta, lakini kilichopinda kisivutwe na rafiki. Oga mara baada ya mazoezi, fua gi kila mara, usitembee peku chooni ukarudi mkekani. Choa na majipu husafiri kwa ngozi hadi ngozi. Ukiona duara jekundu linalowasha, kaa nje mpaka litibiwe, na uwaambie uliokamatana nao.

Mashindano yakija, shindana kwa uzito ulio nao. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha maji ili washuke uzito. Walikuwa na nguvu na afya. Kijana anayekua asijinyime maji, asikimbie na nguo za plastiki, asiruke milo. Kocha akikuamuru, mzazi wako ajue leo.

Ukirudi baada ya jeraha, mitihani au likizo ndefu, mwili unakumbuka mbinu haraka kuliko unavyokumbuka kujilinda. Utataka kubwagana jioni hiyohiyo. Rudi kwanza chini. Mimi mwenyewe, nikikaa mwezi bila mazoezi, nachuchumaa pembeni ya mkeka, natafuta fundo la mkanda wangu kwa macho, na naanguka mara 20 kabla sijamshika mtu ukosi.